Kutazama ndege Kaunti ya Kilifi: maswali ya wanaosafiri kutoka Nairobi

Majibu haya yamelenga mtu anayetoka Nairobi kwa wikendi ndefu, mwenye darubini moja na bajeti ya kawaida. Saa zote ni za Kiswahili. Pale ambapo jina la Kiswahili halimtambulishi ndege mmoja peke yake tumeweka la kitaalamu, umtafute kitabuni au kwenye simu bila kubahatisha.

Kilifi ina nini ambacho Karura na Ngong hazina?

Ina ndege ambao hawapandi bara. Kwera wa Clarke (Ploceus golandi) hajulikani popote duniani nje ya kaunti hii. Bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae) yuko hapa na kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Arabuko-Sokoke ndicho kipande kikubwa zaidi cha msitu mkavu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki, kama kilomita za mraba 420, na ndani yake zimeorodheshwa aina zaidi ya 230. Ukivuka barabara kuu kutoka msituni uko hori ya Mida, yenye mikoko na matope wanakotua ndege wa ufuoni kutoka Siberia na Uarabuni. Kaskazini ya Malindi kuna mlango wa mto Sabaki. Ni mazingira matatu yasiyofanana hata kidogo, na mtu aliyelala Watamu huyafikia yote bila safari ndefu.

Nina Jumamosi na Jumapili tu. Niende wapi?

Msituni asubuhi zote mbili, Mida alasiri ambayo maji yanaruhusu, na Sabaki alasiri inayobaki. Magofu ya Gede uyapitie saa za mchana. Dakatcha (pori la kaskazini magharibi mwa Malindi) iache kwa safari nyingine, maana ukiibana humo ndani utaharibu siku mbili ili uone vumbi.

Lala Watamu, Gede au Malindi, usilale Mombasa. Msituni unatakiwa uwe umeshashuka kwenye gari saa 12 asubuhi. Aliyelala Nyali atafika saa 3, na kufikia saa 4 joto limeshapanda na ndege wamenyamaza. Wengi wanaorudi Nairobi wakisema msitu hauna ndege waliingia saa 5.

Mwezi gani ni mzuri?

Inategemea unamfuata nani, kwa kuwa wageni wa kusi na wageni wa kaskazi hupishana. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba au Oktoba, huja Geokichla guttata, yule wa kifua cheupe chenye madoa meusi anayepekua majani makavu chini, pamoja na Glareola ocularis, anayezaliana Madagaska na kuja Sabaki kwa makundi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Septemba mpaka Aprili, matope ya Mida hujaa vitwitwi wa kila aina, na kuanzia Novemba keremkerem wekundu (Merops nubicus) hulala kwenye mikoko.

Mla kaa (Dromas ardeola) huanza kurudi Agosti. Kwa hiyo ukilazimishwa kuchagua mwezi mmoja, chukua Septemba: wageni wa kusi hawajaondoka wote, wa kaskazi wameanza kuingia, na njia za msituni ni kavu. Aprili nayo ina mchanganyiko wa namna hiyo, ila masika huanza na udongo mwekundu wa upande wa magharibi hugeuka utelezi. Mei usiende na gari dogo. Desemba ndege ni wazuri lakini bei za vyumba Watamu zinapanda, na ufuo umejaa watu.

Arabuko-Sokoke ni kubwa. Nianzie wapi?

Kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, kabla kidogo ya njia panda ya Gede na Watamu ukitokea Mombasa. Hapo ndipo unapolipa na kukutana na waongozaji. Kuna lango jingine Jilore, upande wa barabara ya kutoka Malindi kwenda Tsavo, lakini kwa mgeni Gede ndiko rahisi.

Jambo la kuelewa kabla ya lolote ni kwamba huu si msitu mmoja. Ni mitatu, na kila mmoja una ndege wake. Usipojua umesimama kwenye upi, utamtafuta ndege kutwa nzima mahali asipoishi. Njia nyepesi ya kujua ni kutazama chini.

Upande wa mashariki, karibu na barabara na kituo, ni msitu mchanganyiko wenye mbambakofi (Afzelia quanzensis) na vichaka vizito. Huku ndiko kwa ndege wa chini na wa kivulini: kanga wenye kishungi, Geokichla guttata katika msimu wake, na Sheppardia gunningi mwenye kifua cha njano iliyoiva. Ndiko pia kwa sengi mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo mwenye pua ndefu, anayekimbia akipiga mkia kwenye majani. Si ndege, lakini hakuna atakayekulaumu ukimtazama.

Ukiingia katikati, mchanga unakuwa mweupe na miti inaachana, juu kuna mwanga. Hiyo ni mirihi (Brachystegia spiciformis). Hapa shingo itauma, maana kila kitu kiko kileleni: chozi wa Amani (Hedydipna pallidigaster), kwera wa Clarke, na yale makundi mchanganyiko yanayozunguka msituni pamoja. Chini, kwenye nyasi chache na majani makavu, anatembea Anthus sokokensis, mdogo, kifua cha michirizi, ambaye ukimkaribia husimama kama jiwe badala ya kuruka. Tembea polepole ukitazama mita kumi mbele ya miguu yako, utamwona akianza tena kutembea.

Mchanga ukigeuka mwekundu na miti ikawa mifupi, imebanana na kujipinda, umefika kwenye mfunda (Cynometra webberi), upande wa magharibi. Mchana ni kimya na joto. Hapa ndipo nyumbani kwa bundi.

Hayo makundi mchanganyiko yanafuatwaje?

Kwenye mirihi unaweza kutembea nusu saa bila kuona kitu, halafu ghafla ndege thelathini wakawa juu ya kichwa chako. Wanaotangulia mara nyingi ni Prionops wa aina mbili: P. retzii, mweusi, mwenye mdomo na miguu myekundu, na P. scopifrons, wa kijivu, mwenye kiraka cha manyoya magumu ya kahawia kwenye paji la uso. Wana kelele, wanagonga midomo, na wanahama mti hadi mti kwa mfuatano, mmoja akiruka wote wanamfuata. Ukisikia ile kelele, nenda upesi mpaka uwe sambamba nao kisha usimame. Kosa ni kuwaganda hao wa mbele. Waache wapite. Nyuma yao kwa dakika tano au kumi hufuata wadogo: chozi, vigotagota, na kwera kama siku ni yako. Usiwafukuze kwa kukimbia vichakani. Rudi kwenye njia, kisia wanakoelekea, uwasubiri mbele.

Nitamtofautishaje kwera wa Clarke?

Anayechanganya watu ni Ploceus bicolor, naye wa msitu huu huu, naye mweusi juu na njano tumboni. Tazama bawa. Bicolor ana bawa jeusi tupu, Clarke ana kingo za njano kwenye manyoya ya bawa, zinazoonekana hata akiwa kileleni. Kisha hesabu: Clarke huja kwa kundi, bicolor aghalabu wawili wawili.

Kumpata ni habari nyingine. Hana mahali pa kudumu msituni. Huhamahama, na zipo siku nyingi ambazo hata waongozaji hawamwoni. Viota vyake vilikuwa kitendawili kwa miongo mingi mpaka 2013, vilipopatikana Dakatcha kwenye bwawa la msimu lenye ndago. Akiwa huko anataga, kumtafuta Arabuko ni kupoteza muda, kwa hiyo muulize mwongozaji kwa simu wiki ya safari kama makundi yameonekana.

Na bundi wa Sokoke? Nimesikia ni lazima usiku.

Si lazima. Kuna njia mbili.

Ya mchana ni kwenda na mwongozaji anayejua matawi wanayolalia. Bundi huyu ana urefu wa sentimita 16 hivi, yaani anaingia kiganjani, na hulala kwenye tawi la chini ndani ya kichaka cha mfunda, mara nyingi dume na jike wakiwa wamegusana mabega. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na hata ukiwa mita nne mwongozaji atakuonyesha mara tatu kabla hujamwona: utaona gome, kisha gome lenye jicho la njano lililofumbwa nusu. Mwongozaji huingia kwanza peke yake kuhakikisha yupo, ninyi mnasubiri njiani. Mkiitwa, ingieni wawili wawili, piga picha chache bila flashi, mtoke. Akifungua macho yote na kujinyoosha awe mwembamba, mmeshamsumbua.

Ya usiku inahitaji mpango wa mapema, kwa sababu saa za kawaida za msitu zimeisha na ndani kuna tembo. Mnakuwa kwenye mfunda kabla ya saa 12 na nusu jioni, gari limezimwa. Giza likiingia huanza kuita: sauti laini, fupi, inayorudiwa kwa mlingano mara kadhaa kisha kimya. Mara nyingi utamsikia tu. Usiku wa upepo wa kusi hata kumsikia ni kazi.

Kwa nini kila mtu anasema Mida ni lazima ujue maji?

Kwa sababu ndege wa matopeni hula pale maji yalipoishia. Maji yakipwa, ukingo huo uko mbali mno na utaona vidoti. Yakijaa kabisa, hakuna matope na ndege wamehamia mahali pa kupumzikia. Katikati ya hali hizo mbili kuna saa mbili tamu, pale maji yanapopanda na kuwasukuma ndege kuelekea kwako. Uwe kibandani saa tatu kabla ya maji kujaa, ukae mpaka saa moja kabla.

Jedwali la maji la bandari ya Kilindini linatosha kwa kupanga, ila ndani ya hori maji huchelewa kidogo. Kama huna jedwali, tumia mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: hujaa karibu saa 4 na hupwa karibu saa 10. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50.

Maana yake kwa ratiba ni hii. Wikendi ya bamvua, msitu asubuhi kisha Mida kuanzia saa 7 mchana. Wikendi ya maji mafu unalazimika kuchagua, kwa sababu Mida nayo inakutaka asubuhi. Isitoshe, maji mafu hayapandi sana, sehemu kubwa ya matope hubaki wazi na ndege hawasogei. Kama unaweza kuchagua wikendi, tazama kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi.

Njia ya kuingilia ni daraja la mbao linaloning'inia, mita 260, linalopita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kujifichia ukingoni. Limesimamishwa kwa ajili ya mradi wa karo za shule wa vijiji vya jirani ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na malipo ya kuingia huenda huko. Daraja linayumba, vukeni mmoja mmoja mkiwa na teleskopu. Usishuke matopeni kwa ndala, kwani chaza waliong'ang'ania mizizi hukata kama wembe.

Nikiwa kibandani nitazame nini?

Anza na mla kaa, huwezi kumkosea: mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa mwili wake. Anasimama kimya, anakimbia hatua sita, anadunga. Kaa mkubwa humtikisa mpaka makucha yanatoka, kisha anammeza mwili, na wakati mwingine anarudi kuokota makucha. Kwa kawaida wazima hufuatwa na watoto wao wa mwaka huo wanaolilia chakula hata baada ya safari yote ile kutoka Ghuba ya Uarabuni.

Kisha tafuta Xenus cinereus, kitwitwi mwenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda juu, anayekimbia kuliko wote. Sululu ni mkubwa, mdomo umepinda chini. Heroe huwa mbali ndani. Kazi ngumu ni wale vitwitwi wa mchanga wa aina mbili wanaofanana. Linganisha mdomo na miguu wakiwa wamesimama pamoja, yule mkubwa ana mdomo mrefu na miguu mirefu. Aliye peke yake mwandike tu "mmoja wa wawili" uendelee. Ni afadhali kuliko kubahatisha.

Bila teleskopu utafurahia Mida kwa nusu. Waongozaji wengine wanayo, uliza kabla.

Sabaki inafaa kwenda?

Sana, hasa Juni mpaka Septemba kwa ajili ya Glareola ocularis. Wakiwa wametua kwenye fungu la mchanga wanafanana na mchanga. Jioni wanapaa wote na kuwinda wadudu hewani, utadhani mbayuwayu wakubwa wa kahawia wenye tumbo la kutu. Miezi mingine kuna buabua na shakwe wengi, heroe, mwari, na kwenye nyasi fupi za jirani Anthus melindae.

Mto huu, kwa njia, ni wenu. Maji ya Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo inaitwa Galana, na ikikaribia bahari inaitwa Sabaki. Udongo mwekundu unaochafua ufuo wa Malindi wakati wa mvua umetoka huko juu, na fungu la mchanga wanalolalia ndege limejengwa na udongo huo huo.

Pita Malindi, vuka daraja la Sabaki kwenye barabara ya Garsen, uchukue mtu wa kikundi cha wenyeji kijijini. Mtatembea kupitia nyasi na vilima vya mchanga mpaka mlangoni. Nenda kuanzia saa 9 alasiri. Usivuke mkono wowote wa mto kwa miguu hata kama unaonekana wa magotini: kuna mamba, kuna viboko, na matope ya kingo humeza mguu mpaka pajani. Ondokeni kabla ya giza, ndio wakati viboko wanatoka kula. Na usitembee huko peke yako na kamera shingoni.

Magofu ya Gede yana ndege?

Yana, na ni mahali pazuri pa saa za joto kwa kuwa kivuli ni kizito. Hondohondo, ndege wa chini wa msituni, Geokichla guttata katika msimu. Mji huo wa kale uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2024. Kima watakuibia ndizi.

Dakatcha je?

Ni pori la mirihi na vichaka kaskazini magharibi mwa Malindi, ng'ambo ya Sabaki, kuelekea Marafa. Si hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya jamii, kwa hiyo huingii kama mbugani. Wasiliana kwanza na kikundi cha uhifadhi cha wenyeji kupitia shirika la uhifadhi la Nature Kenya; wenyeji ndio wanajua bwawa lipi lina maji na kama kwera wametaga. Lazima gari la juu, siku nzima, na maji yako ya kunywa. Mabwawa hukauka, hivyo yaliyokuwa na viota mwaka juzi huenda mwaka huu ni malisho ya mbuzi. Uchomaji makaa umelila pori hili sana na utauona njiani.

Naweza kuingia kwenye kaya?

Kaya za Mijikenda ni misitu mitakatifu. Unaingia kwa idhini ya wazee na kwa masharti yao ya mavazi na njia, la sivyo huingii. Usizipange kama kituo cha ndege cha kupitia.

Nafikaje kutoka Nairobi?

Treni ya Madaraka kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua saa tano hadi sita. Tangu 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Ile ya usiku hukufikisha Miritini kabla ya alfajiri. Shida ni kwamba Miritini iko mbali na steji za Malindi: utachukua gari hadi mjini Mombasa, kisha matatu ya Malindi, ushuke Gede na kuchukua tuktuk au boda hadi Watamu. Mtwapa kuna foleni. Ongeza muda kwa ajili yake.

Basi la usiku la moja kwa moja hadi Malindi halina raha ya treni lakini linakushusha Gede bila kuhama hama. Mwambie kondakta mapema na umkumbushe mkivuka daraja la Kilifi. Ndege za Nairobi–Malindi zipo, na kwa kikundi chenye teleskopu na begi za kamera zinaweza kuwa na maana.

Kwa gari lako, usiingie Mombasa. Kata kushoto Mariakani, pita Kaloleni, utatokea Mavueni karibu kabisa na daraja la Kilifi.

Ni lazima mwongozaji?

Kwenye njia fupi karibu na kituo cha Gede, hapana. Kuingia ndani, ndiyo, kwanza kwa sababu ya tembo, ambao hapa hujui wako karibu mpaka umewanusa. Pili, mwongozaji wa hapa husikia. Ndege tisa kati ya kumi msituni hutambulika kwa sauti kabla ya macho.

Patana kabla ya kuanza: bei ni ya kikundi au ya kila mtu, ni nusu siku au siku nzima, na bundi yumo au ni malipo ya pembeni. Mwambie pia unachotaka. Mtu anayetaka kupiga picha sengi kwa saa mbili na mtu anayetaka aina themanini hawatoshi kwenye kikundi kimoja.

Ada za serikali hulipwa kwa eCitizen. Fungua akaunti ukiwa bado Nairobi, maana mtandao wa simu langoni haukusubiri.

Ninunue darubini gani?

8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, hicho ndicho kipenyo cha mwanga unaofika jichoni. Vidarubini vya mfukoni vya 10x25 vinakupa 2.5, na kwenye kivuli cha mfunda saa 12 jioni utaona giza lililokuzwa mara kumi. 10x42 inafaa Mida lakini msituni hutetema na uwanja wake ni mwembamba, ndege ameshahama kabla hujampata.

Wanaolalamika kuwa darubini "haioni vizuri" mara nyingi hawajaiweka sawa. Tafuta kitu chenye maandishi umbali wa mita 20. Kunja darubini mpaka duara mbili ziwe moja. Funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Kisha funika ya kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha ringi iliyo kwenye upande wa jicho la kulia. Iache hapo. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira.

Ukilala chumba chenye eesii, toa darubini nje dakika 20 kabla ya kuihitaji, la sivyo joto la pwani litaifunika ukungu. Baada ya Mida au Sabaki, ondoa chumvi kwa kitambaa chenye maji matamu kwanza. Ukipangusa ikiwa kavu unasugua lenzi kwa mchanga.

Naweza kumwita ndege kwa sauti ya simu?

Usifanye. Ndege hudhani mpinzani ameingia, anaacha kula na kulinda kiota aje kupigana na simu yako. Kwa bundi wa Sokoke, ambao idadi yao ni ndogo na wageni wote hupelekwa maeneo yale yale, hilo likirudiwa kila wikendi huwafukuza.

Wadudu na magonjwa?

Malaria ipo, na mtu wa Nairobi hana kinga ya mwenyeji. Muone daktari mapema, kwani dawa nyingine za kujikinga huanzwa siku moja au mbili kabla na nyingine wiki mbili au zaidi. Ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari wa Nairobi kuwa ulikuwa Pwani, asikutibu mafua. Msituni vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na tazama siafu kabla ya kusimama mahali. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020. Beba ya kujaza upya, lita mbili kwa kila mtu kwa asubuhi moja.

Nijifunzie wapi kabla ya kwenda?

Matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi. Yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 na mgeni anakaribishwa. Ndege wa huko si wa pwani, lakini utajifunza kuinua darubini bila kuondoa macho kwa ndege, na hicho ndicho kinachowashinda wengi.

Orodha yangu ina faida kwa mtu?

Ina, ukiipeleka kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9. Unatazama ndani ya mraba mmoja kwa angalau saa mbili, unaandika kila aina kwa mpangilio uliowaona, na unaweza kuendelea kuongeza kwa siku tano. Programu ya BirdLasser hukuonyesha mpaka wa mraba ukitembea. Msitu na Mida vinaweza kuangukia miraba tofauti, kwa hiyo anza orodha mpya ukivuka. Andika na kunguru pia; miraba mingi ya ndani, kuelekea Dakatcha na Chakama, ina orodha chache mno.

Mvua ikinyesha asubuhi yote?

Subirini kwenye gari kituoni Gede. Mvua ikikatika, saa moja inayofuata huwa nzuri kuliko asubuhi kavu, kwani ndege walioloa hupanda matawi ya wazi kujikausha. Baki kwenye mchanga mweupe tu. Njia nyekundu ziache mpaka mwongozaji aseme zimekauka.